Mashine za ketoni, mizani za umeme na kipima nguvu cha mkono: kipi kinasema kweli kuhusu misuli kwenye mfungo mrefu

Anayefunga kwa maji matupu siku tano, saba au zaidi hutaka kujua mambo mawili: mwili umeshahamia kwenye mafuta au bado, na misuli inaliwa kwa kiasi gani. Vifaa vya nyumbani vinavyouzwa kwa kazi hii ni stripi za mkojo, mashine za ketoni za damu (ketoni ni mafuta yaliyogeuzwa na ini kuwa chakula cha ubongo), vifaa vya kupuliza pumzi, mizani za umeme zinazoandika kilo za misuli, vipima nguvu vya mkono na programu za simu zinazohesabu saa. Hapa tunavipima kwa kigezo kimoja tu: namba inayotokea inalingana na kinachojulikana kuhusu mwili usiokula, au inampoteza mtumiaji?

Swali la kwanza linajibiwa vizuri na mashine ya ketoni ya damu. La pili linajibiwa vibaya na kifaa kilekile kinachojitangaza kulijibu, yaani mizani. Kinacholijibu kwa uaminifu zaidi ni chombo ambacho wanaofunga wengi hawana habari nacho, kile cha kubana kwa kiganja. Na hatari kubwa kuliko zote haionekani kwenye kifaa chochote cha nyumbani, tutaifikia mwishoni.

Mashine ya ketoni ya damu

Ini la mtu mzima aliyeshiba lina takriban gramu 100 za glikojeni, yaani sukari ya akiba, na misuli yote kwa pamoja ina gramu 400 hivi. Glikojeni ya misuli haitoki nje kama sukari ya damu, kwa sababu msuli hauna kimeng'enya cha kuiachilia, hutumika humohumo. Ya ini ndiyo inayolisha ubongo, na sehemu yake kubwa huisha kati ya saa 24 na 36 za kutokula. Insulini ikishashuka, seli za mafuta hufungua mlango, mafuta huingia kwenye damu, na ini huyageuza kuwa ketoni za aina tatu: asetoasetati, beta-hidroksibutirati na asetoni.

Mashine ya damu hupima beta-hidroksibutirati, ambayo ndiyo nyingi kuliko nyingine mfungo unapoendelea. Baada ya usiku mmoja wa kutokula namba huwa chini ya milimoli 0.5 kwa lita. Kufika siku ya tatu wengi huwa kati ya 1.5 na 3. Baada ya wiki kadhaa hufika 5 hadi 7 na kukaa hapo.

Ketoni zinahusiana moja kwa moja na misuli, na hapo ndipo thamani ya kifaa hiki ilipo. Ubongo hutumia takriban gramu 100 hadi 120 za glukosi kwa siku. Glikojeni ya ini ikiisha, sukari hiyo lazima itengenezwe upya, na malighafi kubwa ni amino asidi zinazotoka kwenye misuli, hasa alanini na glutamini. Gramu 100 za protini hutoa chini ya gramu 60 za glukosi. Ubongo ungeendelea kudai sukari yake yote kwa njia hiyo, misuli isingefikisha hata mwezi. Mwaka 1967 watafiti Oliver Owen, George Cahill na wenzao walipima damu inayoingia na kutoka kwenye ubongo wa wagonjwa wanene waliokuwa wamefunga wiki tano hadi sita, wakakuta ketoni ndizo zilizokuwa chakula kikuu cha ubongo, takriban theluthi mbili ya nishati yake. Madai ya sukari yakishuka, uvunjaji wa protini nao hushuka. Gliseroli inayotoka kwenye mafuta yenyewe huongeza sukari kidogo, na figo huingia kazini kusaidia ini kuitengeneza.

Kwa hiyo ketoni zilizopanda ni dalili kwamba kinga ya misuli imeanza kufanya kazi. Hazipimi misuli, na hazipimi kasi ya kuunguza mafuta. Hili la pili ndilo kosa la kila siku la watumiaji. Namba kwenye kioo ni tofauti kati ya ketoni zinazotengenezwa na zinazotumika, kama maji kwenye ndoo yenye bomba juu na tundu chini. Kadiri wiki zinavyosogea, misuli hupunguza kuchukua ketoni, badala yake ikachoma mafuta moja kwa moja, ili ubongo ubakiwe na akiba. Tundu limezibwa kiasi, maji yamepanda, na hakuna hata gramu moja ya ziada ya mafuta iliyoungua. Mtu mwenye 5.8 wiki ya tatu hachomi mafuta mara mbili ya mwenye 2.9 siku ya nne. Anayefukuzia namba kubwa anafukuzia kisicho chake.

Kupima kwenyewe ni rahisi, lakini siku ya nne ya mfungo mwili hausaidii: mikono ni ya baridi na damu haitoki kwa urahisi. Nawa kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kausha kabisa, acha mkono uning'inie chini kama nusu dakika, kisha toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, ambako maumivu ni madogo kuliko katikati. Usikamue kidole kwa nguvu. Ukikikamua, maji ya kwenye nyama huchanganyika na damu na tone huwa jepesi, namba ikashuka kwa uongo. Tone lisipojaa mdomo wa stripi mara ya kwanza, mashine nyingi hutoa kosa, na kuongeza tone la pili juu ya la kwanza hakuokoi kitu. Stripi hiyo imeharibika. Stripi za ketoni hufungwa mojamoja kwenye karatasi ya fedha kwa sababu unyevu unaua kimeng'enya kilichomo, kwa hiyo usizifungue tatu asubuhi kwa ajili ya kutwa nzima. Pima saa ileile kila siku na usipime mara baada ya mazoezi, maana mazoezi huisogeza namba.

Mashine nyingi za aina hii hupima pia sukari kwa stripi za aina nyingine. Hapa kuna jambo la kujua kabla ya kushtuka. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinairuhusu mashine ya sukari kukosea hadi milimoli 0.83 kwa lita pale sukari ikiwa chini ya 5.6. Katika mfungo mrefu sukari ya mtu mwenye afya hukaa karibu na 3.5 hadi 4. Maana yake sukari halisi ya 3.6 inaweza kusomeka 2.8 au 4.4 na mashine ikawa haina kosa lolote kisheria. Ukiongeza upungufu wa maji, damu huwa nzito na mashine nyingi husoma chini zaidi. Ukiona namba ya kutisha na huna dalili, nawa upya, pima kidole kingine. Ukiwa na jasho la baridi, kutetemeka, kuchanganyikiwa au kuona ukungu, usipime mara ya pili: kula kitu cha sukari, mfungo umekwisha.

Onyo la kifaa hiki linapaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Ketoni za 5 au 6 kwa mtu mwenye kongosho zima hazina shida, kwa kuwa insulini kidogo inayobaki huzuia zisiendelee kupanda. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, 3.0 na zaidi ni dharura ya hospitali. Anayetumia dawa za kisukari za kundi la SGLT2, zile zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, anaweza kupata asidi kali ya ketoni huku sukari ikisomeka ya kawaida kabisa, na mfungo ni mojawapo ya vichochezi vyake. Wa namna hii hawahitaji mashine nzuri zaidi ili wafunge. Hawapaswi kufunga siku hizo zote.

Tukikitathmini kama kifaa cha nishati, hakuna kinachokikaribia. Udhaifu wake mkubwa ni stripi, ambazo huisha haraka kwa anayepima kila saa bila sababu. Mara moja kwa siku inatosha.

Stripi za mkojo na vifaa vya pumzi

Stripi ya mkojo hugundua asetoasetati peke yake. Beta-hidroksibutirati haiigusi. Mwanzoni ketoni hizi mbili hulingana, lakini mfungo ukirefuka beta-hidroksibutirati huwa mara tatu au zaidi ya mwenzake, kwa hiyo stripi huona sehemu inayozidi kuwa ndogo ya ukweli. Rangi nayo hutegemea umekunywa maji kiasi gani: mkojo mzito wa alfajiri huwa zambarau iliyokolea, na mkojo wa mchana baada ya lita moja ya maji huwa waridi hafifu, damu ikiwa na kiwango kilekile. Soma rangi kwenye sekunde zilizoandikwa kwenye kichupa, mara nyingi 15, si baada ya kurudi kutoka kufungua dirisha. Kichupa kilichoachwa wazi bafuni hutoa majibu ya hapana kwa mtu mwenye ketoni tele. Dawa ya presha iitwayo captopril hufanya kinyume chake, hutoa ndiyo ya uongo. Zinafaa kuthibitisha siku ya pili kwamba ketoni zimeanza. Baada ya hapo hazina jipya la kukwambia.

Vifaa vya pumzi hupima asetoni. Havitoboi kidole na havihitaji stripi, na hiyo ndiyo sifa yake. Vile vya bei nafuu hutumia kihisi cha nusu-kipitishi kisichoweza kutofautisha asetoni na pombe, hata ile ya dawa ya kusukutua mdomo au ya kusafishia mikono. Kupuliza nako ni fundi: pumzi ya mwanzo ni hewa ya koo, ile yenye habari hutoka mwisho kabisa, na anayepuliza kwa pupa hupata namba tatu tofauti ndani ya dakika tano. Usikitumie kufanya uamuzi wowote wa usalama.

Mizani inayoandika kilo za misuli

Hapa tutakaa, kwa sababu ndiko watu wengi zaidi wanakotiwa hofu au kudanganywa.

Mizani hii haipimi misuli. Hupitisha umeme mdogo usiohisika kutoka mguu mmoja hadi mwingine, mara nyingi kwa mawimbi ya kilohezi 50, na kupima unapata upinzani kiasi gani. Maji yenye chumvi hupitisha umeme, mafuta hayapitishi vizuri. Kutokana na upinzani huo mizani hukisia maji yote ya mwili, kisha huyagawanya kwa kudhani kwamba mwili usio na mafuta ni maji kwa asilimia 73 daima. Mengine yote kwenye kioo, yaani misuli, mafuta, mifupa, ni hesabu iliyojengwa juu ya dhana hiyo moja pamoja na umri, urefu na jinsia uliyoandika. Umeme wa mguu kwa mguu hupita zaidi miguuni na nyongani. Kifua na mikono hukisiwa tu.

Mfungo mrefu ndiyo hali inayoivunja dhana hiyo kuliko hali yoyote ya kawaida. Chukua mtu wa kilo 80 mwenye mafuta asilimia 25, anayetumia takriban kilokalori 2,000 kwa siku, akafunga siku 5.

Kwanza glikojeni. Ya ini yote na sehemu ya ile ya misuli, tuseme gramu 300. Kila gramu hushika maji ya takriban gramu 3, kwa hiyo zinaondoka kilo 1.2. Pili, insulini ikishuka figo huachia sodiamu, na sodiamu hutoka na maji yake. Kilo 1 ni makisio ya kiasi. Tatu, protini. Siku za mwanzo mkojo hubeba takriban gramu 11 za nitrojeni, mabaki ya protini iliyovunjwa, kwa siku, jumla 55. Kila gramu ya nitrojeni ni gramu 6.25 za protini kavu, au gramu 30 hivi za nyama mbichi pamoja na maji yake, kwa hiyo ni gramu 345 za protini, ambazo ni kilo 1.65 za nyama. Nne, mafuta. Kati ya kilokalori 10,000, glikojeni imelipa kama 1,200 na protini kama 1,400. Zinabaki 7,400, na hizo ni karibu kilo 0.8 za mafuta.

Jumla ni kilo 4.65. Mizani itasema kweli kuhusu jumla hiyo. Kisha itaandika kwamba zaidi ya kilo 3.8 ni misuli au mwili usio na mafuta, na asilimia ya mafuta itakuwa imepanda kutoka 25 hadi 25.5, wakati mafuta yamepungua. Kati ya hizo 3.8, kilo 2.2 ni maji na glikojeni ambavyo hurudi ndani ya siku chache za kula. Na zile 1.65 hazitoki zote kwenye misuli ya mikono na miguu. Ini, utumbo na viungo vingine huchangia protini tena mapema kabisa. Mizani inamwambia mtu amepoteza misuli zaidi ya mara mbili ya kilicho halali kuitwa nyama.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha jambo la pili ambalo wauza mifungo hawapendi kulisema: mafuta yaliyoondoka ni kilo 0.8 tu. Aliyeona kilo 4.65 kwenye kioo akashangilia na aliyeona kilo 3.8 za misuli akaogopa wamepotezwa na kifaa kimoja.

Hata mashine ya eksirei ya hospitali inayopima mifupa, mafuta na nyama, ile ya DXA, huyahesabu maji ya misuli kama nyama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kwenye jarida la Nature Metabolism ulifuata watu 12 wenye afya waliofunga kwa maji siku 7. Walipoteza wastani wa kilo 5.7, mafuta na visivyo mafuta pamoja. Siku tatu baada ya kurudi kula, karibu vyote visivyo mafuta vilikuwa vimerudi, mafuta hayakurudi. Misuli halisi haijengwi kwa siku tatu. Kilichorudi zaidi ni maji na glikojeni.

Hii haimaanishi kwamba misuli haipungui. Hupungua, na kuna kumbukumbu nzuri ya hilo tangu mwaka 1912, pale mtafiti Francis Benedict alipomfuatilia Agostino Levanzin, mtu aliyejitolea, kwenye maabara ya Carnegie huko Boston kwa siku 31 za maji matupu, akikusanya mkojo wote. Levanzin alipungua takriban kilo 13. Nitrojeni yake ilipanda siku za mwanzo, ikafika kilele ndani ya wiki ya kwanza, kisha ikashuka polepole. Mstari huo, juu kisha chini, ndio picha ya kweli ya upotevu wa protini: mkubwa kabla ketoni hazijaushika ubongo, mdogo baadaye, lakini haufiki sifuri kamwe. Katika mifungo ya wiki nyingi ya watu wanene nitrojeni hushuka hadi gramu 3 hadi 5 kwa siku, ambayo bado ni gramu 20 hadi 30 za protini kila siku. Mtu mwembamba hulipa zaidi kuliko mnene, kwa kuwa akiba yake ya mafuta ni ndogo. Akiba hiyo ikikaribia kwisha uvunjaji wa protini hupanda tena ghafla, na hapo ndipo kifo kilipo. Angus Barbieri, aliyekaa siku 382 bila kula chini ya uangalizi wa hospitali huko Dundee, Uskoti, na kumaliza mwaka 1966, alianza na kilo 207 na kuishia 82. Alipewa vitamini, potasiamu na sodiamu, na akiba aliyoanza nayo si ya mtu wa kawaida. Yeye si kipimo cha mtu yeyote mwingine.

Kama mizani unayo tayari, usiitupe. Panda ukiwa umetoka chooni, miguu mitupu na mikavu, saa ileile, na usome uzito tu. Safu ya misuli iache hadi siku ya kumi baada ya kurudi kula, ndipo uilinganishe na ya kabla ya mfungo. Mwenye kifaa cha umeme cha kurekebisha mapigo ya moyo asiipande kabisa.

Kipima nguvu cha mkono

Ni chuma chenye mshikio wa kubana na kioo kinachoandika kilo. Hakiunganishwi na simu, hakichori michoro, na hakiulizi umri wako. Hupima kile msuli unachofanya, na upungufu wa maji haukiyumbishi kama unavyoiyumbisha mizani.

Kaa kwenye kiti, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90, mkono umeegemea, kifundo kimenyooka. Rekebisha mshikio ili kiungo cha pili cha kidole cha kati kikae sawasawa, na uandike namba ya nafasi hiyo, maana kubadilisha nafasi hubadilisha matokeo kuliko mfungo wenyewe. Bana kwa nguvu zote sekunde tatu hadi tano huku ukitoa pumzi, usiizuie. Mara tatu kila mkono, pumzika dakika moja katikati, chukua kubwa kuliko zote. Fanya hivyo siku mbili tofauti kabla ya kuanza kufunga, kwa kuwa mara ya pili karibu kila mtu hubana zaidi kwa kuwa tu ameshazoea. Ukilinganisha na siku ya kwanza utajidanganya kwamba mfungo umekuongezea nguvu.

Tofauti ya kilo moja au mbili ni kuyumba kwa kawaida. Kushuka kwa kilo tano na zaidi, kukarudiwa siku inayofuata, ni ujumbe. Wataalamu wa Ulaya wa udhaifu wa misuli huweka mstari wa hatari chini ya kilo 27 kwa wanaume na 16 kwa wanawake. Aliye chini ya mstari huo kabla hajaanza hana misuli ya kuichezea, na kwake mfungo mrefu ni hasara tupu.

Kifaa hiki kina upofu wake. Katika mfungo wa siku saba nguvu ya kubana au kusukuma mara moja hubaki karibu ilivyokuwa, kinachoporomoka ni stamina. Glikojeni ya misuli imepungua, na mwili umefunga kwa makusudi njia ya kuingiza sukari kwenye tanuri la seli ili kuitunza kwa ajili ya ubongo. Mafuta yana nishati nyingi lakini hutoka polepole. Yanatosha kutembea, hayatoshi kukimbia ngazi. Mwenye kubana kilo 44 asubuhi anaweza kuishiwa pumzi ghorofa ya pili. Kwa hiyo kiambatanishe na jaribio la kitako: kiti kilichoegemezwa ukutani, mikono imekunjwa kifuani, simama na kukaa mara tano, hesabu sekunde. Zaidi ya 15 ni dalili mbaya. Awe mtu karibu, kwa sababu presha hushuka ukisimama ghafla na watu huanguka hapo. Ongeza mapigo ya moyo baada ya ngazi zilezile kila siku. Yakipanda siku hadi siku kwa kazi ileile, stamina inakwenda.

Kulala kutwa nzima ili kuhifadhi misuli ni kosa. Msuli usiobeba mzigo hupungua hata kwa mtu anayekula. Kutembea taratibu na kusimama mara kwa mara kunatosha. Mazoezi mazito siku hizi hayajengi, maana hakuna protini ya kujengea na insulini pamoja na ishara nyingine za ukuaji ziko chini. Homoni ya ukuaji yenyewe hupanda kwenye mfungo, na jambo hilo hutangazwa sana, lakini mjumbe wake mkuu kwa misuli, IGF-1, hushuka. Kazi ya homoni hiyo hapa ni kusukuma mafuta yatoke na kupunguza upotevu wa protini. Haikuzi kifua.

Programu za simu

Saa ya 12 unapewa nishani ya kuunguza mafuta, saa ya 16 au 18 nishani ya seli kujisafisha. Kama saa ya kuhesabia hufanya kazi yake. Kama mtabiri wa mwili, hapana. Aliyekula wanga mwingi na kukaa hufika kwenye ketoni nyingi saa nyingi baada ya aliyekula kidogo na kutembea. Kujisafisha kwa seli, autofaji, hakuna kifaa cha nyumbani kinachokupima, na mwili hauna kengele ya saa ya 16. Ule utafiti wa watu 12 uliona mabadiliko makubwa ya protini za damu mwili mzima baada ya takriban siku tatu. Zima arifa za nishani. Zinamfanya mtu aongeze saa mwili wake unapomwambia aache.

Kisichoonekana kwenye kifaa chochote

Mfungo ukirefuka, fosfeti, potasiamu na magnesiamu hupungua ndani ya seli. Kwenye damu zinaweza kusomeka za kawaida, kwa sababu seli zinazoziachilia zinaijaza damu. Anayepima maabara siku ya mwisho ya mfungo akaambiwa yuko sawa amepewa faraja ya uongo. Chakula cha kwanza chenye wanga kikiingia, insulini hupanda, seli huvuta sukari, na kila hatua ya kuitumia sukari inadai fosfeti. Damu hukaushwa madini ndani ya saa chache. Misuli hulegea, ikiwemo ya kupumulia, na moyo hupoteza mdundo. Vitamini B1 huisha wakati huohuo. Hali hii huua, na huua watu wakiwa wameshaanza kula, mashine yao ya ketoni ikionyesha namba zinazoshuka vizuri.

Mwongozo wa mwaka 2006 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotunga miongozo ya tiba, unasema aliyekula kidogo sana au kutokula kabisa zaidi ya siku 5 aanze na si zaidi ya nusu ya mahitaji yake kwa siku 2 za kwanza. Aliyezidi siku 10 huhesabiwa kuwa kwenye hatari kubwa, na huanza na kilokalori zisizozidi 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, akiwa tayari amepewa vitamini B1, akipimwa damu. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni 700 kwa siku nzima. Hiyo si kazi ya kufanywa jikoni peke yako.

Pakiti za chumvi na potasiamu zinazouzwa pamoja na vifaa hivi hupunguza kizunguzungu na maumivu ya kichwa, na kwa hilo zina faida. Nyingi hazina fosfeti, kwa hiyo hazikingi hatari hii. Mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia dawa za presha zinazobakiza potasiamu asiziguse bila daktari wake kujua. Asidi ya yuriki pia hupanda kwenye mfungo, kwa kuwa figo huishikilia wakati ketoni ziko nyingi, na mwenye jongo huamshwa na kidole gumba cha mguu bila mizani wala stripi kumwonya.

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wenye uzito mdogo, wenye historia ya matatizo ya kula, na wanaotumia insulini au vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini: hakuna kifaa kwenye orodha hii kinachowafanya wawe salama.

Kwa aliyebaki, mwenye afya na daktari anayejua anachofanya, mashine ya ketoni ya damu na kipima nguvu vinatosha. Fosfeti, potasiamu, magnesiamu na kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, zipimwe maabara kabla ya kuanza, kisha zirudiwe ndani ya saa 72 za kwanza za kurudi kula. Bana kile chuma tena siku ya tatu na siku ya kumi ya kula, mkono uleule, nafasi ileile ya mshikio, na uweke namba hizo kando ya zile za kabla ya mfungo.